Ulysse Arceneaux na Bolti Nane Alizozikaza

Marehemu Ulysse Arceneaux alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 hapa Sulphur, Louisiana, kifungua mimba wa mzee Alcide na mama Odile. Mimi ni Verna, dada yake. Haya ninayoyasoma aliniamuru mwenyewe, nisiruke hata neno.

Shule aliiacha darasa la kumi, baada ya kumvunja pua mwalimu aliyemchapa mdogo wetu Dewey. Mwaka 1968 alianza ufundi bomba katika kiwanda cha kusafisha mafuta. Mwaka 1973 alimwoa Earline, na siku hiyohiyo ya harusi, mchuzi wa gumbo ukiwa mezani, alizichapa na shemeji yake aliyedai flenji zote ni sawa. Flenji, kwa msiozijua, ni visahani vya chuma vinavyounganisha bomba na bomba kwa bolti. Ya maji na ya mafuta hulingana matundu, ila ya maji ni nyembamba, haihimili moto. Bi harusi aliwamwagia wote wawili jagi la bia.

Tarehe 14 Agosti 1986 msimamizi alimletea flenji za maji afungie bomba la mafuta ya moto.

"Matundu yamekubali, bolti zinaingia. Unalia nini, bwana?"

"Matundu yamekubali, chuma hakijakubali! Unataka kuua watu, we mshenzi?"

Ulysse akamtwanga ngumi mbili, meno yakamwagika. Hayo mnayajua, mmeyasimulia baa miaka yote. Msilolijua ni kwamba yule bwana aliinuka, akatema damu, akasema, "Funga, au kazi huna." Ulysse alikuwa na watoto watatu. Akafunga, bolti zote nane, kwa mkono wake.

Siku ya tatu flenji ilipasuka. Mafuta yalimmwagikia Dewey, aliyekuwa zamu kiwandani humohumo, yakamchuna ngozi ikabaki ndani ya glavu. Alimwita kaka yake mpaka sauti ikakatika. Kiwanda kilisema Dewey ndiye aliyekosea. Ulysse akanyamaza.

Kansa ya mapafu ilimshika Oktoba 2009. Alifariki tarehe 2 Februari 2011, saa nne asubuhi, akigombana na muuguzi.

Ameacha mjane Earline, watoto watatu, wajukuu watano, na wifi yangu Nadine, mjane wa Dewey, aliyeambiwa miaka ishirini na minne kwamba mumewe alijiua kwa uzembe. Nadine, Ulysse alisema asifukiwe kabla hujayasikia haya. Kama una tusi, mtukane. Kama una kofi, jeneza liko wazi. Sisi tutasubiri. Ukishamaliza, ndipo tutamwombea apumzike kwa amani.