Ndoa ya Nobert Iliyongoja Kaburi

Wasikilizaji wapendwa, kuanzia Bwera hadi Hamukungu, hebu punguzeni kelele za sufuria kidogo. Leo tunamkumbuka Nobert, mtunzi wa muziki wa kwaya, tuliyemzika Jumamosi hapo Bwera. Ule wimbo uliomliza mama mkwe wako siku ya arusi yako ni wake. Nobert ametuozesha karibu sote. Yeye mwenyewe amekufa bila kuoa.

Si kwamba hakupenda. Alimpenda mtu mmoja tu, Consolée, mwimbaji wa sauti ya kwanza, aliyekimbia vita Beni, ng'ambo ya mpaka. Mumewe, Thembo, alichukuliwa na waasi, hakurudi. Wazee waliokimbia pamoja na Consolée walisema ameuawa. Padri akakubali, ndoa ikaanza kutangazwa kanisani. Nobert, mtu mkimya yule, akawa anapiga kinanda huku anacheka peke yake. Dada yake Teopista anasema, "Alinunua viatu vipya, akawa anavivaa ndani ya nyumba tu, visichafuke."

Jumapili ya tatu padri akauliza kama kuna kizuizi. Aaron, mchuuzi wa vitenge, akasimama. "Padri, Thembo iko muzima. Banasema iko Butembo, anauzisha mbao."

Ndoa ikasimamishwa papo hapo.

Jamani! Kwetu huku mtoto wa kiume wa tano ni Thembo. Akina Thembo wamejaa mlima mzima! Consolée akavuka mpaka, akamkuta muuza mbao: Thembo mwingine kabisa. Akarudi mbio kwa furaha. Lakini padri alishaogopa. Akasema sasa anataka mtu aliyemzika Thembo kwa mikono yake.

Tulimwambia Nobert tutangaze redioni. Akakataa katakata. "Nimtangaze marehemu wa watu ili nimwoe mkewe? Nitaonekana mtu gani?"

Basi wakaulizia chinichini hadi mvi zikawaota. Nobert kwenye kinanda, Consolée mstari wa mbele, wanawaimbia maharusi wa watu. Jioni kila mmoja kwake. Inauma, wasikilizaji.

Siku ya mazishi Consolée alitaka kutia udongo pamoja na familia. Akaambiwa angoje na kwaya. Kwaya nao wakamwomba aimbe.

"Niliimbiaka ndoa ya batu yote," akasema. "Leo nimechoka."

Juzi simu ikalia hapa studio. Mzee mmoja wa Beni alikuwa amesikia redioni habari za mazishi, na kisa cha Thembo. Anasema Thembo wa Consolée alizikwa na yeye mwenyewe, nyuma ya shamba lake la kahawa. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Tukampelekea Consolée habari hiyo. Akauliza, "Sasa nifanye nayo nini?"



Teopista na ukoo wote, poleni sana. Nawe unayesikiliza, kama unajua neno linaloweza kuwafungulia watu wawili njia, liseme leo, wangali hai wote wawili. Mama Consolée, najua redio umefungua. Pole kwa kufiwa na mume.