Mzee Kijiko na Kopo la Chai Nyeupe

Ndugu waombolezaji, kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Kijiko, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa pili wa seremala na mshona nguo, akasoma shule za mtaani kwetu hadi sekondari, na mwaka 1970 akaajiriwa kwenye ghala la chai kuwa mwonjaji, kazi ya kuvuta chai kwa kijiko kwa mlio mkubwa, kuizungusha mdomoni na kuitema ndooni.

Mwaka 1976 alikwenda kujitambulisha ukweni, akakaribishwa chai, akaivuta kwa mlio ule ule wa kazini, mama mkwe akauliza kwa upole kama kijana ana pumu, nasi tuliomsindikiza tukamshukuru Mungu kwamba hakuitema. Ndoa yake na shemeji yetu ilifungwa Desemba 18 mwaka huo, wakajaliwa mabinti wawili.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, ila mnunuzi aliyefika ghalani mwaka 1988 alituachia maradhi ya maswali, maana alimpa kaka chai nyeupe ya China, machipukizi yenye manyoya meupe, yaliyonyaushwa na kukaushwa tu, naye akaionja ikiwa ya moto, akasema haina kitu, akakisahau kikombe mezani, na alasiri alipokinywa kimepoa akakuta utamu asioujua. Tangu hapo nyumba haikutulia, leo maji yachemke, kesho yapoe kidogo, huku shemeji, mtu wa sukari vijiko vitatu, akiiita maji ya kuoshea nyasi. Alipostaafu mwaka 2009 alifunga kopo moja, akaliweka juu ya kabati, akisema atalifungua baada ya miaka kumi ajue muda umeifanya nini chai ile.

Mwaka 2018 aliugua koo, matibabu yakamwachia uhai yakamnyang'anya ladha, kwa hiyo siku ya kopo ilipofika alikunywa, hakusikia kitu, akalia. Shemeji alikichukua kile kikombe, na kuanzia hapo kaka akawa anatengeneza na yeye anaonja, akiulizwa utamu uko ulimini au kooni, harufu ni ya nyasi mbichi au kavu, hata akaacha sukari kabisa asije akamdanganya mumewe.

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, kaka hakuweza kuinuka, shemeji akaitengeneza mwenyewe, akaonja taratibu, akamwambia, “Inaanza kama nyasi kavu zilizolala juani, halafu ukishameza, utamu unarudi wenyewe kooni.”

Kaka akauliza kama bado upo, akajibiwa bado.

“Basi nimeinywa, mke wangu.”

Alifariki mchana wa siku hiyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi msibani, na wafanyakazi wenzake wa ghalani. Chai iliyobaki koponi itatengenezwa leo tukirudi nyumbani, shemeji anaomba asitokee wa kudai sukari, na atakayekuta ndani yake kitu ambacho yeye hakukikuta, amfuate amweleze.

Pumzika kwa amani, kaka, maswali yaliyobaki tuachie sisi.