Mzee Hezekiah Kimeli, Ambaye Simu Haikumjua

Watumishi wa Mungu, ndugu na majirani wa Kimulot, historia iliyochapishwa kwenye ratiba mliyogawiwa langoni, iliyoandikwa na akili bandia ya simu, ni nzuri, Kiswahili chake kimenyooka, na haimhusu marehemu hata kidogo, kwa hiyo bintiye Dorine ameombwa na mama yake asome hii iliyoandikwa jana jikoni kwa mkono, na wenye haraka watuvumilie.

Mzee Hezekiah Kimeli alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Kimulot, mtoto wa tatu wa Mzee Tonui na Mama Tabutany, akasoma Litein kuanzia 1960 hadi darasa la saba mwaka 1966, kisha mwaka 1972 akawa karani wa kituo cha kununulia majani chai, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minne, akiwarudisha watu nyumbani na majani yao yaliyokomaa mno yasiyofaa kiwandani, awe jirani, awe shemeji. Ratiba inasema alikuwa mpole, mwenye tabasamu kwa wote. Nyinyi wenyewe mnajua.

Alifunga ndoa na Mama Leah tarehe 14 Desemba 1974, Mungu akawajalia watoto sita, si watano kama ilivyochapishwa, maana Chepkemoi aliyeishi miezi mitatu mwaka 1983 ni mtoto pia, na simu haikumtaja kwa sababu hakuna aliyeiambia, na mama yake aliisoma ratiba, akaikunja.

Tangu 1980 marehemu ndiye aliyekuwa akiandika historia za marehemu kanisani kwetu, akikaa jikoni kwa wafiwa siku mbili nzima, chai baada ya chai, akiuliza hata yale ya aibu, kwa kuwa, alivyosema, Mungu alimfinyanga kila mtu peke yake akampulizia pumzi, na hii akili bandia haina ubaya, ila haijawahi kufiwa, ndiyo maana inawazika watu wote kama mtu mmoja. Kanisa lilipomstaafisha mwaka 2023, mzaliwa wake wa kwanza, Kipkurui, alimsomea wasifu wake mzee ulioandikwa na simu, mzee akasikiliza mpaka mwisho, akauliza huyo ni nani na kwao ni wapi, watu wakacheka, na wasifu ule ule ndio mlio nao leo, umeongezwa tarehe tu.

Aliugua figo kuanzia Novemba 2024, akalazwa hospitali ya Kaplong, na akafariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochuma chai yetu wiki hii yote, na makarani wenzake wa zamani. Kipkurui hatumlaumu kwa kushindwa kuandika, maana hata hii imeandikwa kwa machozi, tunamlaumu kwa kutokaa chini na mama yake akamuuliza.

Pumzika kwa amani, Baba. Aliyekuumba hahitaji kuandikiwa wewe ni nani.