Mara Kumi na Moja

NYAPARA: Haloo? Dada? Haloo, unanipata?

DADA: Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

NYAPARA: Mdogo wako. Simu yangu imebaki polisi, hii nimeazima. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Wamekutoa?

NYAPARA: Kwa dhamana, jana. Sasa sikia, salio lenyewe la watu, sizunguki. Ile rekodi ya sauti ya ugomvi wetu kazini, umepewa wewe uitafsiri?

DADA: Nani kakwambia?

NYAPARA: Mkalimani wa Kihindi pale mahakamani ni nani mwingine? Nikasema Mungu si Athumani, imeangukia kwa damu yangu. Umesikia yule fundi vigae wa Kihindi alivyonitukana?

DADA: Sijasikia tusi. Nimesikia pimamaji.

NYAPARA: Nini?

DADA: Pimamaji yako ya chuma, ya kupimia usawa wa sakafu. Ikigonga sakafu ina mlio wake. Ikigonga mfupa ina mwingine.

NYAPARA: Ukumbi mzima ameutandika umepinda, dada! Nyapara ni mimi, bosi akija anamuuliza nani?

DADA: Ndiyo ukamvunja taya.

NYAPARA: Hasira hasara, najua! Yamemwagika. Wakili anasema hivi: mimi Kihindi sijui. Jamaa alikuwa anapiga kelele, nikadhani anaita wenzake waje wanimalize, nikajitetea. Wewe andika tu kwamba alikuwa anawaita. Nani atajua?

DADA: Unajua alikuwa anasema nini?

NYAPARA: Si nimekwambia Kihindi si—

DADA: "Bas."

NYAPARA: (Mtandao unakoroma.) Unakatika—

DADA: Sikatiki. Bas. Neno la Kiajemi hilo, la kale, maana yake imetosha. Likaingia Kihindi. Waarabu wanalo majumbani mwao, sisi tukalivisha irabu mwishoni tukasema letu. Mlinzi wenu, yule Mwarabu, anasikika toka getini: "Bas! Bas!" Mama wa jikoni anapiga yowe: "Basi, utamuua!" Watu watatu, kila mmoja na lugha ya kwao, wote wanakwambia kitu kimoja. Mdogo wangu, pale hakuhitajika mkalimani.

NYAPARA: Mimi naenda jela, wewe unanifundisha historia!

DADA: Kalisema mara kumi na moja. Fundi peke yake, hao wengine sijawahesabu.

NYAPARA: Nisikilize wewe mwanamke. Nakuja hapo ofisini. Hiyo kompyuta naivunja, na kichwa chako juu yake!

DADA: Sauti ya baba hiyo.

NYAPARA: Usimtaje baba.

DADA: Neno lako la kwanza unalijua? Si mama, si maji. Umesimama mlangoni, kitasa hukifikii. Mama yuko chini, mkanda unapanda unashuka. Ulilidaka kinywani mwake. "Bathi, baba, bathi." Meno hayajamaliza kuota.

NYAPARA: (Anapumua.) Alikuwa haachi.

DADA: Alikuwa haachi.

NYAPARA: ...Nitawaambia we ni dada yangu. Watakuondoa kwenye kesi.

DADA: Nitawaambia mwenyewe nikipeleka karatasi, leo hii. Wakitaka walete mwingine. Ataandika neno hilohilo.

NYAPARA: Tumbo moja, dada! Maziwa mamoja! Mtu baki ndiye unayemuonea uchungu?

DADA: Ngoja nikusomee, maana wewe ulikuwa na kazi, labda hukusikia vizuri. Dakika ya kwanza, bas. Magoti yanagonga sakafu. Pigo.

NYAPARA: Acha utani.

DADA: Dakika ya pili, bas, bas. Sauti imejaa damu. Pigo. Hapa jino linaangukia kwenye kigae, linasikika linavyobingiria—

NYAPARA: Dada—

DADA: Pigo. Mama wa jikoni analia. Pigo. Dakika ya tatu mdomo haufungi tena, neno halitoki zima, anasema ba... ba...

NYAPARA: Basi! Basi, dada. Basi.

DADA: Haya. Nimeacha.

NYAPARA: (Analia.)

DADA: Umeona? Mara tatu tu umesema, nami nimeacha.

NYAPARA: Anaendeleaje?

DADA: Taya wameifunga waya. Anakunywa kwa mrija. Wiki nzima wewe hukuuliza hilo.

NYAPARA: Nilimsikia, dada. Kila mara nilimsikia. Ndiyo mkono ukazidi kuwa mwepesi, hata sijui kwa nini.

DADA: Hayo kamwambie hakimu, kwa Kiswahili chako mwenyewe. Mimi nitakaa nyuma yako, nitakuletea nguo, nitakuletea sabuni. Uongo sikuletei.

NYAPARA: Salio linalia. Dada, niambie kitu kimoja. Mimi si kama baba. Sema. Mimi si—

DADA: Haloo? (Simu imekatika.) Haloo?