Baba Mkwe Alikaa Mlangoni pa Chanjo

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe tena, maana wengine mmelowa mvua mkija hapa na bado mmeitikia kwa nguvu.

Kwa wageni, mimi ni mke wa Ipyana, mama Lusajo, wa huku huku Ngana, Kyela. Tunalima kokoa na mpunga kama ninyi. Mchungaji amenipa dakika kumi. Nitajitahidi, ila wanaonijua wameshaanza kucheka. Nimesimama kushuhudia kwamba Mungu aliniokoa na vitu viwili, kifo na hasira. Kifo kilinikalia siku tisa. Hasira ilinikalia muda mrefu zaidi, na nitasema kweli mbele ya madhabahu, ndiyo iliyonitesa kuliko kile kingine.

Ugonjwa wa korona ulipoingia, mnakumbuka, tuliwekewa ndoo za maji na sabuni kila mlango. Halafu kukawa kimya. Watu wakakohoa, wakafa, na sisi tukaambiwa ni changamoto ya upumuaji. Ndugu zangu, mimi nina pumu tangu utotoni. Changamoto ya upumuaji naijua. Haitoki nyumba hii ikaingia nyumba ile. Lakini tulizika tukiwa tumebanana mikekani, tukashikana mikono, tukala sinia moja, kwa sababu msiba wetu ndivyo ulivyo na hakuna aliyetuambia tufanye vingine. Tulijifukiza majani ya mkaratusi na mchaichai mpaka macho yakavimba. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwetu kilituumbua mchana kweupe.

Dada yangu ameolewa Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Siku moja akanipigia simu kwamba kwao wameanza kuchanjwa, na yeye ameshachanjwa. Nilimpongeza, nikakata simu, nikakaa kwenye kigoda nikiwa na uchungu. Mto wenyewe jogoo akiwika upande ule tunamsikia upande huu. Nikajiuliza, Mungu wetu Kyala, yule wa Karonga na yule wa Kyela si mmoja?

Nikaanza kwenda ofisi ya kijiji kuuliza chanjo yetu itafika lini. Nilikwenda mpaka yule bwana wa ofisi akawa akiniona tu anainama kutafuta faili.

"Mama Lusajo, tunasubiri maelekezo."

"Kutoka wapi, baba?"

"Juu."

Nikamwambia juu ninakokujua mimi maelekezo yalishatoka zamani, kwamba tupendane. Hakucheka. Aliniambia nirudi Jumatatu, na Jumatatu akaniambia nirudi Alhamisi. Nilipigwa danadana hivyo mpaka mvua zikaisha.

Maelekezo yalipokuja, yalikuja kama mgeni asiyepiga hodi. Watu ambao jana waliambiwa hakuna ugonjwa, leo wanaambiwa njooni mchomwe sindano ya ugonjwa. Hakuna aliyekaa nao akawaeleza. Basi maneno yakajaza nafasi hiyo. Ukichanjwa huzai. Ukichanjwa una chapa ya mnyama. Kwenye kwaya yetu tulikuwa na wanawake wanaosoma vizuri kabisa, nao wakasema hawachanjwi. Niliwabishia baada ya mazoezi mpaka mwalimu wa kwaya akaniomba nipumzike kuja kwa muda. Mnamwona pale anatazama chini. Tumeshasameheana, mwalimu.

Lakini aliyenishinda kabisa alikuwa nyumbani kwangu. Baba mkwe wangu ni mzee wa kanisa, mtu wa maombi, na neno lake hapa kijijini lina uzito. Yeye alisema, "Kyala aliyeniumba hakuacha tundu la sindano." Neno hilo lilizunguka Ngana nzima kwa siku moja. Na mimi nisingeweza kumjibu hata nusu neno.

Wageni niwaeleze hapa. Kwetu mwanamke hamwangalii baba wa mumewe. Tunaita kutila. Ukimwona anakuja unaacha njia, unaingia migombani, unainama mpaka apite. Humsemeshi, humpi kitu mkononi. Chakula chake unapika na mtoto anampelekea. Akitaka kupita karibu na nyumba yako anakohoa kwa mbali, ili ujifiche. Watu wa mjini wanatucheka, lakini ni heshima yetu, na mimi nililelewa nayo. Kwenye boma letu tulikuwa wawili wa kuishika, mimi na Atupele, mke wa mdogo wake Ipyana. Atupele alikuwa ananiita dada, nami nilimpenda kuliko baadhi ya dada zangu wa tumbo moja.

Yule bwana wa ofisi alipopita na daftari kuandika wanaotaka chanjo, tulijiandikisha wote wawili. Jina la Atupele likawa juu, langu likafuata.

Siku ya chanjo tulioga, tukavaa vitenge vizuri, tukaondoka pamoja asubuhi. Wachanjaji walikuwa kwenye chumba kimoja cha ofisi chenye mlango mmoja. Na mlangoni, kwenye benchi, baba mkwe amekaa. Hakumkataza mtu. Alikaa tu, na fimbo yake kati ya magoti, na kila aliyekuja akamwona.

Tukageuka. Ndugu zangu, mimi niliyesumbua ofisi, mimi niliyefukuzwa kwaya, niligeuka kama kuku aliyeona mwewe, nikajificha migombani. Tulisubiri anyanyuke. Saa nne, saa tano, saa sita. Atupele akaniambia, "Dada, leo haiwezekani. Watakuja tena." Nikawaza tumtume mtoto akamwombe asogee. Lakini ujumbe wa kumwambia mkwe anyanyuke, nani angeubeba? Na wakwe wengine wa kijiji, wanawake wa rika letu, nao walifika, wakaona wakwe zao wazee wameungana na baba mkwe kwenye lile benchi, wakarudi majumbani. Saa nane wachanjaji wakafunga kikasha chao cha barafu, wakapanda pikipiki, wakaondoka. Hakuna aliyewauliza kwa nini kikasha bado kizito.

Hawakuja tena mwezi ule, wala uliofuata. Nilipouliza ofisini, nikaambiwa Ngana watu hawataki chanjo.

Atupele aliugua wakati wa kuvuna mpunga. Siku ya kwanza kichwa, siku ya tatu pumzi. Mumewe alimpeleka hospitali kwa kuchelewa, kwa sababu kila mtu alisema ni uchovu wa shamba. Baba mkwe alisimama uani, amegeuzia nyumba mgongo kama inavyotakiwa, akaomba kwa sauti mpaka ikakauka. Hakuweza kuingia. Atupele alifariki akaacha mtoto wa miaka mitatu, Neema, yule anayelala pale mapajani mwa shangazi yake.

Hapo ndipo hasira ikanikalia. Nilimchukia baba mkwe kwa chuki ambayo sikujua ninayo. Niliwachukia wa ofisini. Niliwachukia na waliokaa juu, ambao wakati wa kusema walinyamaza na wakati wa kueleza walituma pikipiki moja. Niliendelea kumpikia mzee, maana nimefunzwa, lakini niliacha kumchagulia ndizi laini. Na mnajua meno yake yalivyobaki. Mtoto alirudisha sahani zina vipande vigumu pembeni, nami nikafurahi. Hayo ndiyo maisha niliyokuwa naishi huku naimba zaburi.

Kisha zamu yangu ikafika. Nilikuwa naanika kokoa nikashindwa kuinua ungo. Ipyana alikuwa Malawi na biashara ya mchele, simu haipatikani. Majirani walifika mpaka uani wakaniita kwa mbali, wakaogopa kuingia, na siwalaumu, walikuwa wametoka kumzika Atupele. Siku ya nne asubuhi nilikuwa nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, maana nikilala pumzi haipiti. Nikasikia mtu anakohoa nje. Nikajua ni yeye. Nikatafuta kitenge nijifunike uso, mkono haukufika.

Akaingia. Ndugu zangu, baba mkwe wangu aliingia ndani ya nyumba yangu, akasimama mbele yangu, akanitazama. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nikafumba macho.

Akasema, "Mwana gwangu, mmoja tumemzika na heshima zake. Wewe amka."

Akanishika kwapani akaninyanyua. Bodaboda ilikuwa inasubiri nje. Tulipanda mshikaki, dereva mbele, mimi katikati, yeye nyuma amenizungushia mikono nisianguke, na kijiji kizima kimetoka barabarani kututazama. Mzee wa watu, aliyetunza heshima yake miaka yote, alipita mbele ya wenzake amemkumbatia mke wa mwanawe. Kichwa changu kilikuwa kifuani kwake. Nilisikia anaomba njia nzima.

Hospitali niliwekewa oksijeni. Siku tisa. Yeye alikaa nje karibu na dirisha langu, wauguzi wakadhani ni baba yangu mzazi. Siku ya sita aliruhusiwa kuingia, akakaa mbali kidogo, akatazama sakafu, akasema, "Siku ile niliwaona. Wewe na mwenzako. Niliona vitenge vyenu migombani, nikajua mnakwenda wapi. Nikabaki nimekaa."

Nilikuwa na barakoa ya oksijeni mdomoni. Nashukuru nilikuwa nayo, kwa sababu nilikuwa na jibu, na jibu lenyewe silisemi kanisani. Niligeukia ukutani. Alikaa kidogo, akatoka.

Mungu aliponya mapafu yangu, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Lakini msidhani nilirudi nimesamehe. Nilirudi nina deni la uhai kwa mtu ninayemchukia, na hilo ni gumu kulibeba. Nilisali, nikasema, Bwana, wewe unajua, mimi siwezi. Sala yangu yote ilikuwa hiyo tu.

Ipyana aliporudi akaniambia jambo. Baba yake alikuwa anakwenda ofisini kila siku asubuhi. Anafika, anasalimia, anakaa kwenye benchi. Akiulizwa shida yake anasema, "Nasubiri wachanjaji." Akiambiwa maelekezo hayajaja anashukuru, "Ndaga, nitasubiri." Na mzee wetu kukaa anajua, hilo mmeshaona. Yule bwana wa ofisi hakuwa na faili la kutosha kuinamia. Ilifika mahali akapanda pikipiki yake mwenyewe kwenda kuwafuata.

Wakaja. Safari hii baba mkwe alipita nyumba kwa nyumba akipanga na wazee wenzake. Wanaume wazee waje mapema, wachanjwe, waondoke wakakae majumbani mwao, ndipo wakwe zao wapite bila kuinama migombani. Wengine walibisha. Aliwaambia tu, "Njooni mnione mimi kwanza."

Wanawake tulisubiri nyuma ya ghala la kokoa lililoshikana na ofisi mpaka wazee wamalize. Ukuta ule ni mwembamba, tulisikia kila kitu. Mchanjaji alikuwa amepewa daftari lile lile la zamani, akaanza kusoma majina yaliyobaki tangu safari ya kwanza. La kwanza akaita, "Atupele."

Akaita tena.

Nikasikia fimbo inagonga sakafu, mtu ananyanyuka. Kisha sauti ya baba mkwe, mbele ya wazee wote waliokaa naye kwenye benchi siku ile.

"Huyo alikuja. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, akashindwa kupita. Tumemzika. Nichome mimi."

Nyuma ya ghala wanawake walishika vitenge midomoni. Mimi nilikaa chini kwenye majani nikalia, nikamlilia Atupele kama sikuwahi kumlilia, kwa maana nilikuwa nimemwekea hasira mahali pa machozi. Na nilipomaliza kulia nikaitafuta ile hasira yangu ya baba mkwe, sikuiona. Sikuitoa mimi. Bwana aliitoa, kwa kinywa cha mzee aliyesema kweli mbele ya wenzake.

Wazee walipoondoka tukapita. Nikachomwa. Mkono uliuma siku mbili, nikanywa panadol, basi.

Ndugu zangu, sikuja hapa kumwaibisha mtu. Baba mkwe mwenyewe amenituma, kupitia kwa mtoto, niseme yote bila kumficha. Wa ofisini na walioko juu nawaombea, ila kuwaombea hakunizuii kuwauliza, na nitaendelea kuuliza. Alhamisi wachanjaji wanakuja na chanjo ya surua ya watoto. Nasikia maneno yameanza tena kule kisimani, na kuna ambao mmeshaamua kubaki nyumbani. Mtegemeeni Mungu, ndugu zangu. Mimi namtegemea. Ndiye aliyemwinua mzee kwenye benchi, na mikono iliyonibeba ni yake. Lakini msimwachie yeye kazi ya miguu yenu.

Ndaga fijo kwa kunisikiliza. Alhamisi mimi nitampeleka Neema. Kama kuna mzee wa nani amekaa mlangoni, nitainama, nitamwamkia kwa heshima zote, halafu nitapita na mtoto.