Taa za Sitini na Nane

Nilikuwa nimeinua taa juu kama nahodha aliyekabidhiwa kombe, nasubiri makofi, ndipo Milimita akaniuliza kwa upole kwa nini ina matundu matatu. Zilikuwa taa mbili za duara, za nyuma ya gari la michezo, lile la watu wawili tu. Nilizibeba kutoka nchi ya mbali, nimezifunga ndani ya suruali zangu tatu, na uwanja wa ndege nilivuliwa hadi soksi kwa sababu yake. Gari lenyewe liliegeshwa hatua tano kutoka benchi letu, mbele ya duka la vipuri, makalio wazi. Bodi ilikuwa na matundu mawili ya skrubu kila upande. Mawili. Hata mimi, ambaye hesabu ilinikimbia tangu darasa la nne, niliiona tofauti.

Benchi hilo lina wenyewe. Milimita ni fundi cherehani mstaafu, na gari ni lake. Koili ni fundi umeme wa magari. Bwana Vipuri ndiye mwenye duka na mwenye birika la kahawa, kwa hiyo hoja zake huwa hazipingwi hadi vikombe vijae. Mimi wananiita Pasipoti, kwa kuwa nimekwenda kwingi na kila safari nimerudi vilevile.

Mke wa Milimita anaumwa, huu mwaka wa tatu. Yuko kwa mdogo wake, karibu na hospitali, na Milimita huenda kumwona kila Jumapili. Alipoanza kuumwa aliomba kitu kimoja: azungushwe mjini mara moja ndani ya gari lile, paa likiwa wazi. Milimita akasema likikamilika tu. Na huyu ni mtu ambaye maisha yake yote hajaruhusu koti litoke dukani kwake na kifungo kimoja tofauti. Injini ikakamilika, breki zikakamilika, viti akavishona mwenyewe. Kisha nikaja mimi, mtembezi, nikasema zile taa ndefu za nyuma si za gari hili. Kadi yake inasema mwaka wa sitini na nane, na taa ndefu zilianza sitini na tisa. Akazing'oa siku hiyohiyo. Tangu hapo ni miaka miwili tunatafuta za duara.

— Umenunua za lori, Koili akasema.

— Lori gani lina taa nzuri hivi?

— La kubebea maharusi.

Bwana Vipuri akamimina kahawa, akatulia, akatoa hukumu.

— Hili gari ni mawili. Mbele sitini na nane, nyuma sitini na tisa. Wamelikata katikati wakaunga. Ukikaa hapa jua likilipiga unaona kabisa mshono.

— Mshono ningeuona mimi, Milimita akasema.

— Basi sikilizeni, Koili akadakia. Siku hiyo kiwandani taa za duara ziliisha. Wafanyakazi wamegoma, bosi analia ofisini, mlinzi akasema bandikeni chochote.

— Mlinzi?

— Mlinzi ndiye mwenye ufunguo wa stoo, ndugu yangu.

— Mimi naona lilitengenezwa kwa ajili ya mtu mzito, Bwana Vipuri akasema. Jasusi. Jasusi hawezi kuwa na taa kama za watu wengine.

— Jasusi ndiye anayetakiwa kuwa na taa kama za watu wengine, nikasema.

— Ndiyo maana hawakukuajiri.

Tulicheka, isipokuwa Milimita. Alikuwa amepiga goti nyuma ya gari, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, anapima kutoka tundu hadi tundu, kisha anapima tena kana kwamba chuma kingemhurumia.

— Haya matundu hayakutobolewa mtaani, akasema. Ndani ya kingo zake kuna rangi ya kiwandani. Gari limezaliwa nayo.

Koili akaacha kucheka.

— Ngoja kwanza. Wakati nafunga waya niliona kibati chini ya boneti. Kina mwezi na mwaka. Kumi na moja, sitini na nane.

— Nimekisoma mara mia, Milimita akasema. Mwaka ni uleule wa kwenye kadi. Mwezi sikuona una kazi gani.

Hapo nikaishusha taa. Kule nilikonunua taa, muuzaji aliniuliza: unataka za mwaka wa kadi au za mwaka wa toleo? Nilimcheka. Nikamwambia kwetu mwaka ni mwaka. Akaanza kunieleza, taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa: kiwanda kile kilikuwa kinafunga katikati ya mwaka, watu waende likizo, na kikifunguliwa kinaanza kutoa magari ya toleo la mwaka unaofuata. Gari la mwezi wa kumi na moja ni la mwaka ujao, kadi iseme itakavyo. Nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo, huku naangalia saa nisije nikaachwa na ndege.

Niliwaeleza yote. Nilitafuta mahali pa kuchomeka mzaha, sikupata.

— Kwa hiyo hili ni sitini na tisa, Milimita akasema.

— Ndiyo, kaka.

— Na zile ndefu nilizozing'oa?

— Zilikuwa zake.

Alisimama kwa kushika bampa. Akaizungusha tepu kwenye kidole, akaikunjua, akaizungusha tena. Bwana Vipuri akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa, ikamwagika mezani, na hakuna aliyepangusa.

Ndipo alipotokea mdogo wake mke wa Milimita, anatembea haraka, mkoba ameukumbatia kifuani. Tulimpisha akae. Hakukaa.

— Habari za hapa, shemeji.

— Nzuri. Dada yako anaendeleaje?

— Ndiyo nimekuja. Lakini kwanza niulize kitu. Gari hili linawaka?

— Linawaka, Milimita akasema.

— Breki zipo?

— Zinashika vizuri, Koili akajibu. Nilizijaribu mwenyewe.

— Lini?

Koili akanitazama mimi.

— Mwaka juzi.

— Sasa kwa nini dada yangu hajalipanda?

Nimewahi kubishana na maofisa wa mipaka kwa lugha saba nisizozijua, na kila mara nilipata la kusema. Pale nilianza kuzifungia taa tena ndani ya suruali. Koili akapangusa kahawa mezani. Bwana Vipuri aliingia dukani, ingawa hakukuwa na mteja.

— Kesho, Milimita akasema. Kesho saa tatu asubuhi nampitia. Taa zake ninazo ndani, nitazifunga leo. Hata nisipozifunga, nampitia. Mwambie avae lile gauni la kijani, nililolishona mimi.

— Shemeji.

— Jumapili nilimwona. Tulikunywa chai, akaniuliza imebaki nini, nikamwambia taa tu.

— Hiyo ilikuwa Jumapili.

— Kiti kinalala nyuma kidogo, nilikitengeneza hivyo. Nitamwekea mto mgongoni na mwingine ubavuni. Sitakwenda mbali. Hadi kwenye mzunguko na kurudi, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Paa nitalifungua tukishafika barabarani, asipigwe na vumbi la uani.

— Hawezi kukaa tena, shemeji. Tangu juzi.