Jozi ya Kiranja

Dada mkubwa wa marehemu alipoombwa aandike historia hii aliguna, akauliza wasomi wote waliojaa nyumba hii walisomea nini kama kalamu inarudi kwa bibi kizee aliyeishia darasa la tatu, lakini kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki aliyekuwepo marehemu akizaliwa, ameandika, na mwenye kukosoa tahajia akosoe kimoyomoyo.

Marehemu, ambaye wote tulimwita Kiranja, alizaliwa tarehe 9 Mei 1948, katika chumba cha nyuma ya duka la viatu la baba yake, akiwa mtoto wa pili na kelele ya kwanza. Alianza shule ya msingi, mtaa wa pili kutoka dukani, Januari 1956, na darasa la nne akapewa ukiranja, si kwa akili, bali kwa sababu hakuna aliyejificha chooni kukwepa hesabu ambaye yeye hakumtoa.

Mwaka 1966 aliingia kazini dukani kwa baba, ambako dirishani kiliwekwa kiatu kimoja tu cha kila jozi, maana mwizi hana haja na mguu mmoja, na hapo ndipo alipojifunzia siasa yake yote. Alichaguliwa mbunge tarehe 14 Oktoba 1980, chama chake kikamfanya kiranja wao bungeni, wa kuhakikisha wote wanafika na kupiga kura upande mmoja, na wale waliotaka kupiga kura kila mtu na lake aliwaambia kwamba mbunge wa peke yake, hata awe na hotuba tamu vipi, ni kiatu cha mguu mmoja, mwananchi hafiki nacho popote, chama ndicho kinachoahidi kwa pamoja na kulaumiwa kwa pamoja, kwa hiyo mwenye ubishi aumalizie kwenye kikao cha chama, mlango umefungwa. Kengele ya kura ikilia aliwafuata mgahawani, kwa kinyozi, na chooni kama zamani.

Alifunga ndoa tarehe 3 Juni 1972 na fundi cherehani wa jirani, mwanamke aliyemshinda kura zote za nyumbani, wakajaliwa watoto watatu, na wa mwisho, binti tunayemwita Kura, alizaliwa tarehe 21 Machi 1985, siku yenye kisa.

Bungeni walikuwa na mapatano ya mdomo yaliyoitwa jozi, kwamba mbunge wa upande mmoja akipata udhuru, mmoja wa upande wa pili naye anabaki nje, mizani isilemee. Siku hiyo serikali ya chama chake ilikuwa inapigiwa kura ya kutokuwa na imani, mke kashikwa na uchungu, basi Kiranja akafunga jozi na kiranja wa upinzani, tuliyemwita Suspenda kwa zile kanda za kushikia suruali asizozivua mabegani, wakapeana mikono, akakimbilia wodini. Suspenda akaingia ukumbini akapiga kura. Serikali ikaanguka kwa kura moja, na habari zikamkuta marehemu kashika mtoto mkono mmoja na beseni mkono wa pili.

Wenzake walitaka mapatano yafutwe, akakataa, akasema hatutupi viatu vyote kwa sababu ya mguu mmoja unaonuka. Uchaguzi ukawatupa upinzani, akafanya na kazi hiyo kwa raha, akiuliza mawaziri maswali hadi wakatokwa jasho, na kila alipokutana na Suspenda koridoni alimsalimia, "Jozi yangu, hujambo?" mwenzake akavuta suspenda zake na kutazama dari.

Alistaafu mwaka 2005, akaugua figo kuanzia Agosti 2019, akafariki hospitalini tarehe 2 Februari 2021. Wiki moja kabla, Suspenda, sasa waziri, alimletea kapu la zabibu, marehemu akazila kwanza zote, kisha akasema, "Zabibu nimepokea, lakini mimi nakudai kukaa nje. Siku ya kunizika, kaa nje na mimi." Wakapeana mikono tena, dada yake akishuhudia.

Kumbe leo ni zamu ya serikali ya Suspenda kupigiwa kura ile ile. Juzi alikuja kuomba mazishi yasogezwe hadi kesho, akajibiwa na dada mtu, "Baba, marehemu hana ratiba, mwenye ratiba ni wewe." Ndiye huyo mstari wa pili, mwenye suspenda nyekundu, simu yake kamkabidhi Kura.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viti, na wabunge wa pande zote mbili ambao leo mmekaa mmechanganyika bila kupigiwa kengele. Lala salama, Kiranja, hakuna tena wa kumtafuta chooni.

Na hili limeongezwa sasa hivi, kwa kunong'onezwa: Kura amesoma simu, serikali imeanguka kwa kura moja, uwaziri umekwenda, dereva keshaambiwa arudishe gari, kwa hiyo Suspenda utarudi na sisi, nyuma ya pikapu, juu ya maturubai.